Mafuta ya Breki Yasikae Kwenye Chupa ya Soda

Hapa Mkolani, kando ya barabara iendayo Shinyanga, familia nyingi hupata riziki kwa magari: huyu dereva wa daladala, yule fundi wa gereji. Jioni baba hurudi na mafuta ya breki yaliyobaki, akayamimina kwenye chupa ya soda na kuiweka chini ya meza. Hatari huanzia hapo.

Mafuta mapya ya breki hayana rangi, au yana rangi ya manjano kama kinywaji. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Mengi hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na baadhi yana diethilini glaikoli, ambayo huharibu figo. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Vifo hivyo vilihusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na kemikali hiyo.

Mtoto akiyanywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata kama bado anacheza, kwa maana dalili za figo huweza kuchelewa siku moja au zaidi. Yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15. Yakimwagikia ngozi, tumieni maji na sabuni.

Je, kuna faida ya kuyatunza? Hakuna. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Gari likiteremka mlima huku breki imekanyagwa muda mrefu, mafuta huchemka, pedali huzama na gari halisimami.

Basi, nunueni kopo dogo linalotosha kazi, na mbadilishe mafuta kila baada ya miaka 2 hivi. Yakipungua, fundi atafute kwanza panapovuja. Msiongeze oili ya injini, maana huvimbisha mipira ya breki. Mafuta machafu msiyamwage mtaroni, kwani mitaro ya Mwanza huishia Ziwa Victoria. Yafungwe vizuri kwenye chombo chenye maandishi, yarudishwe gereji.

Leo kabla ya kulala, angalieni chini ya meza.