Nani Analipa Kabla Stima Haijawaka?

Kwenye kituo cha biashara cha Kitonyoni, kaunti ya Makueni, paneli za sola zimepangwa juu ya paa kubwa lililoinuliwa, na paa hilohilo hukinga maji ya mvua, jambo ambalo Ukambani pengine lina thamani kuliko stima yenyewe. Mtambo huo wa kilowati 13.5 ulisimikwa mwaka wa 2012 chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na ushirika wa wenyeji ukapewa kazi ya kuwauzia wenye maduka umeme. Fedha za kuujenga zilitokana na mpango wa utafiti. Hapakuwa na benki iliyokaa pembeni ikihesabu riba.

Mradi mkubwa haupati bahati hiyo.

Jenereta ya dizeli hununuliwa kwa bei ya kadiri, kisha mwenyewe hulipia mafuta kila siku inapofanya kazi. Jua, maji na upepo havina bili ya mafuta, lakini karibu gharama yote hudaiwa mwanzoni, kabla taa moja haijawaka. Ndiyo maana bei ya umeme wa aina hii hutegemea sana riba ya mkopo na miaka ya kungoja.

Kungoja wakazi wa Kitui na Makueni wanakujua. Bwawa la Thwake, kwenye mto Athi mpakani mwa kaunti hizo mbili, lilianza kujengwa mwaka wa 2018 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) na mchango wa serikali ya Kenya. Lilikusudiwa kukamilika mwaka wa 2022. Mwaka huo ulipita kazi ikiwa bado. Ukuta wake, wa mita 80 hivi, ni awamu ya kwanza tu. Umeme, megawati 20 hivi, umewekwa kwenye awamu ya pili, inayohitaji fedha zake. Maji yanaweza kujaa bwawani na bado yasizungushe chochote.

Upepo nao una kisa chake. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimikwa kufikia 2017, lakini kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ya kujenga laini ya umeme ya kwenda Suswa ilifilisika. Laini ikakamilika 2018. Kwa kuwa mkataba ulitaka mwekezaji alipwe hata umeme wake usipochukuliwa, Kenya ilidaiwa mabilioni ya shilingi kwa upepo uliovuma bure. Wakopeshaji hawakuwa wajinga: upepo wa Marsabit waliuamini, waya wa serikali hawakuuamini, wakataka kinga iandikwe.

Mitambo ya upepo ikijengwa baharini, mambo haya yote huongezeka ukubwa. Misingi hushindiliwa chini ya maji, meli maalumu hukodishwa kwa bei kali, na nyaya hulazwa sakafuni mwa bahari. Riba ilipopanda baada ya 2021, hata matajiri walitikisika. Julai 2023 Vattenfall ya Uswidi ilisimamisha mradi wake wa upepo wa Norfolk Boreas, ikisema gharama zimepanda kwa hadi asilimia 40. Septemba mwaka huohuo mnada wa Uingereza wa mikataba ya umeme haukupata hata ombi moja la upepo wa baharini, kwa sababu serikali ilikuwa imeweka kikomo cha bei chini mno. Baadaye mwaka huo Ørsted ya Denmaki ikafuta miradi miwili ya New Jersey, Marekani. Uingereza ilipandisha kikomo hicho, na mnada wa 2024 ukapata wajenzi.

Nchi hizo hukopa kwa sarafu zao. Kenya ikitaka mitambo kama hiyo mbele ya Malindi au Lamu, mnunuzi atakuwa Kenya Power, ambaye wateja wake hulipa kwa shilingi, na mkopo huenda ukawa wa dola au yuro. Umeme wa Ziwa Turkana tayari hununuliwa kwa yuro. Shilingi inapoporomoka, pengo kati ya malipo ya shilingi na deni la fedha za kigeni lazima lizibwe na mtu, na jibu la ni nani limo kwenye ujumbe wa simu anaoupata mama mwenye saluni pale mjini Wote, Makueni, anaponunua tokeni: kati ya makato yaliyoorodheshwa, mojawapo ni la mabadiliko ya thamani ya fedha za kigeni.