Kiungo cha Nguzo na Usalama wa Jengo

Nguzo za zege zinazotengenezwa kiwandani huharakisha ujenzi, na vipimo vya mchanganyiko wake ni rahisi kusimamiwa. Hata hivyo nguzo hizo huletwa vipande vipande, na kila kipande hakina budi kuungwa na kingine. Uimara wa jengo zima hutegemea kiungo hicho.

Zege huhimili sana kugandamizwa, lakini huhimili kidogo tu kuvutwa. Kazi ya kuvutwa huachiwa nondo. Katika nguzo inayomwagwa papo hapo, nondo za chini hupishana na za juu ndani ya zege. Katika nguzo ya kiwandani, nondo hukomea mwisho wa kipande. Kwa hiyo hulehemiwa, au huingizwa katika mirija ya chuma inayojazwa uji wa saruji.

Uzito wa kawaida wa jengo hukigandamiza kiungo, nacho hutulia. Tetemeko la ardhi hulisukuma jengo huku na huku: upande wa nguzo uliogandamizwa huvutwa, kisha hugandamizwa tena. Kila mzunguko hupanua nyufa na kulisaga zege linaloshika nondo, mpaka nondo zianze kuteleza. Ndivyo msumari unavyolegea ubaoni ukitikiswa mara nyingi.

Kwa sababu hiyo, katika maabara nguzo husukumwa kwa jeki kushoto na kulia, na umbali wa kuisukuma huongezwa hatua kwa hatua. Kiungo bora hubaki na nguvu zake baada ya mizunguko mingi, wala hakikatiki ghafla. Pete za chuma, ambazo mafundi huziita ringi, zikipangwa karibu karibu huzuia zege lisipasuke na nondo zisipinde.

Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko liliipiga Armenia, wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti, na kuua watu wapatao 25,000. Mjini Leninakan, ambao sasa huitwa Gyumri, majengo mengi ya ghorofa tisa yenye nguzo na boriti za kiwandani yaliporomoka. Wachunguzi walikuta viungo vilivyolehemiwa vibaya na ringi haba. Majengo ya mji huohuo yaliyojengwa kwa kuta za zege za kiwandani yalibaki yamesimama. Yote yalitoka kiwandani. Tofauti ilikuwa katika muundo wake na namna vipande vilivyoshikana.