Je, Vyombo Vipya Vitasafisha Picha ya Televisheni?

Baada ya mavuno ya alizeti huja msimu mwingine hapa Manyoni, nao ni msimu wa kununua. Fedha ikiingia nyumbani, baba huitazama televisheni yake ya zamani na kuiona mbaya. Watoto nao humsaidia kuiona mbaya. Picha inaganda, sura za watu zina ukungu, tena jirani amekwisha leta kioo cha inchi 55. Basi husemwa, "Tuuze na mbuzi wawili, tununue mpya." Ninyi mnaofikiri hivyo, ngojeni kwanza. Mbuzi wale huenda ndio sare na madaftari ya mwezi Januari, na yafaa kujua ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Tukumbuke tulikotoka. Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo; huku bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Siku zile mawimbi yalikuwa ya analojia. Yakidhoofika, picha nayo ilidhoofika kidogo kidogo: chenga zilikuja, vivuli vikaja, walakini mtu aliendelea kutazama. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Sasa tunatumia dijitali, na dijitali haina nusu nusu. Mawimbi yakitosha, picha hutoka yote. Yasipotosha, picha hukatika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae, huganda, kisha haionekani kabisa.

Kwa hiyo vipande na kuganda kwa kawaida si ugonjwa wa televisheni. Hata ukinunua ya shilingi milioni mbili, itaganda vile vile. Tazama nje ya nyumba. Upepo wetu mnaujua. Satelaiti iko juu karibu kilometa 36,000, basi dishi likisogezwa kidogo tu, hulenga kando. Shika mlingoti kwa mkono. Ukicheza, kaza nati na uombe fundi alilenge dishi upya. Kisha fuata waya mpaka ndani. Je, umeungwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa nailoni? Je, kichwa chake kina kutu, au panya wamekwisha utafuna? Ukate huo, uweke waya mmoja mzima usio na kiungo. Katika rimoti ya king'amuzi kuna ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi na ubora wake. Huo ubora ndio wa kuangalia, maana nguvu inaweza kuwa kubwa na picha ikakatika. Wenzetu wa Kintinku na vijiji vilivyo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wanaotumia antena, wajue kwamba mlima ukisimama kati ya antena na mnara, mawimbi hufika kwa shida. Kuinua mlingoti kwaweza kusaidia. Pengine dishi ndiyo njia pekee. Na mvua kubwa ikinyesha hata dishi zuri hukatika kwa muda. Hapo hakuna cha kununua, ni kungoja tu.

Ukungu ni jambo lingine. Siku ya maziko ya Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 26 Aprili 2025, watu wengi walikaa parokiani kutazama. Picha haikukatika hata kidogo, lakini wazee walilalamika kuwa maandishi ya chini hayasomeki na nyekundu ya Makardinali inachuruzika nje ya mavazi. Televisheni ile ilikuwa nzuri, king'amuzi nacho kizuri. Tatizo lilikuwa zile nyaya za rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Ule wa njano hubeba picha nzima kwa njia ya zamani, mistari 576 tu, na rangi zote zimechanganywa pamoja. Waya wa HDMI hubeba mistari 1,080 bila kuichanganya. Tuliununua kwa bei isiyozidi ya jogoo, na maandishi yakasomeka. Lakini ukisha uchomeka, ingia katika mipangilio ya king'amuzi, maana vingine hubaki vimewekwa 576, na hutaona faida yoyote.

Hapa wauzaji huanza maneno yao. Husema waya wenye vichwa vya dhahabu utatoa picha safi zaidi. Si kweli kwa waya mfupi wa mita moja au mbili: ukifanya kazi, umefanya kazi, na dhahabu haiongezi kitu. Husema pia ununue kioo cha 4K. Ni chombo kizuri, sikatai. Lakini mtu aliyekaa mita 3 mbele ya kioo cha inchi 32 hawezi kupambanua vidoa vidogo kiasi hicho kwa macho, tena chaneli nyingi hazirushi picha ya namna hiyo. Picha iliyotoka studio na ukungu itafika na ukungu, na katika kioo kikubwa ukungu nao huwa mkubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mikanda ya arusi ya zamani iliyohamishwa katika DVD: hakuna waya utakaoirudishia kile ambacho kamera haikukinasa.

Ziko nyakati za kununua mpya, kwa mfano kioo kikiwa na mistari myeusi isiyotoka, au kikififia hata mchana sura hazitambulikani. Vile vile televisheni ya chogo isiyo na tundu la HDMI haitapata faida ya waya ule. Katika hali hizo uza alizeti, ukiona nyumba inaweza.

Na kama nyumbani kwenu Padre mwembamba huonekana mnene katika Misa ya televisheni, picha imevutwa tu ijaze kioo. Tafuta katika rimoti mahali pa kubadili umbo la picha, ni bure.