Shona Bag Yako, Wacha Kulipia Jina ya Wenyewe

Leo form ni mabag. Bag ya kitambaa, imeshonwa kwa keja, na mikono yako. Kama bado unabeba ile nyeusi ya ngozi fake, inabambuka kwa bega ikikuachia vumbi kwa shati, kaa hapa karibu. Si ni watu wa mtaa moja, hatuwezi kukuacha uchekwe tao.

Cheki pale nje ya Archives, tao, Jumamosi saa nane. Kila manzi ako na tote begani. Kila boy mwenye anajua luku pia ako nayo, ndani kuna charger, sweta na lotion. Lakini kuna levels, manze. Ukibeba ile ya bure ya seminar, logo ya sponsor imejaa mbele, na tarehe ya mkutano wa miaka tatu iliyopita, umechoma picha. Ukibeba ile ya supermarket, kijani, mkono mmoja umefungwa fundo, umechoma picha mbaya sana. Ukibeba yenye umeshona, jeans mbele, kitenge ndani, watu wanauliza umetoa wapi. Hapo unasimama tu vizuri, unajibu polepole.

Wote tulikuwa watu wa juala, tusidanganyane. Halafu 28 Agosti 2017 ikafika, serikali ikazima juala Kenya nzima. Faini milioni 2 mpaka 4, ama jela mwaka 1 mpaka 4. Ju ya juala, buda! Soko likajaa zile za kijani, na mathe wote wakaanza kuzikusanya. Mpaka leo kwa kila keja kuna bag moja imening'inia nyuma ya mlango, ndani imejaa mabag zingine. Mathe anaitanga hiyo akiba. Sawa mathe.

Sasa tuongee ganji. Ingia duka za mall uulizie tote ya canvas. Thao tatu. Ati ni "handmade". Geuza ndani uone: hakuna bitana, nyuzi zinaning'inia, mkono umeshikwa na mstari mmoja wa uzi. Thao tatu! Hiyo ni pesa ya mtu kukaa nayo wiki mzima mtaani akila vizuri.

Hesabu ya ukweli ni hii. Kitenge cha kawaida kiko na upana wa inchi 45. Chukua yadi moja, yaani inchi 36. Hapo unatoa vipande viwili vya nje, inchi 17 kwa 18. Unatoa viwili vingine saizi hiyo hiyo, hizo ni bitana. Pembeni kunabaki ukanda wa inchi 11, na hapo unakata mikono miwili, kila moja inchi 4 upana na 27 urefu. Umemaliza. Yadi moja, bag moja kamili. Na kitenge kikiuzwa kwa yadi 6, mbogi yako nzima inavaa.

Lakini mimi naamini Gikosh, yaani soko la Gikomba, kuliko duka. Wenye wanajua mtush wanaamka na giza kungojea belo ifunguliwe, wapate kamera, zile nguo safi za kwanza. Sawa, kamera ni ya kuvaa. Kwa bag, enda kwa fagia. Ile rundo ya mwisho yenye kila mtu anapita. Jeans imeraruka magoti, zipu imekufa, kiuno hakuna mwenye anaweza kuingia, na bado kuanzia paja kwenda chini kitambaa kiko fiti kabisa. Pazia nzito ya mtush nayo ni dhahabu. Msee wa kuuza anadhani amekubwaga na hasara. Lipa, tabasamu, toka hapo mbio.

Ukifika keja, fua kwanza. Usinibishie hapa. Pamba ikishikana na maji inashrink, na kama jeans imeshrink na kitenge cha ndani kimekataa, bag inakunjamana na hakuna pasi itakuokoa. Fua, anika, piga pasi, ndio ukate.

Mkono ndio huwa unaangusha wengi. Kunja hiyo inchi 4 iwe tabaka nne, ibaki inchi 1, piga mstari pande zote mbili. Ukiushika kwa mdomo wa bag, shona kisanduku, halafu ndani yake piga X. Hiyo X ndio inabeba unga, maji na stress zako zote kwa nganya imejaa. Bag bila X ni mapambo ya ukuta.

Pembe za chini nazo: kata mraba wa inchi 2 kila kona, bana, shona. Bag inapata msingi wa inchi 4, inasimama yenyewe kwa meza. Bitana uache shimo ya inchi 5 ya kugeuzia. Unashona kila kitu ndani nje, inakaa takataka kabisa, halafu unavuta yote kupitia hiyo shimo na bag inatokea. Hiyo dakika ni tamu, wasee. Sijui kitu kingine ya bei hiyo inaleta raha hivyo.

Jeans inadai sindano namba 16. Kitenge, namba 14 inatosha. Ukilazimisha ile nyembamba kwa mshono wa jeans, itavunjika tu.

Huna cherehani? Enda kwa shosh. Iko pale kwa kona, Singer nyeusi ya kukanyaga, imefunikwa kitambaa cheupe, na juu kuna redio. Shosh ameifanya meza! Mashine mzima inabeba redio! Tia mafuta, badilisha mkanda, inaamka. Ikikataa, sindano ya mkono iko, hatua moja mbele, nusu nyuma. Inachukua time lakini inashika.

Halafu kuna Anko. Kila familia iko na mmoja. Anko atakuona umekanyaga cherehani aseme hiyo ni kazi ya wanawake. Anko, hebu toka nje kidogo. Tembea veranda zote za Kariobangi uhesabu wenye wameketi nyuma ya mashine. Ni mabuda wa rika yako! Suti yenye umevaa ukisema hivyo, nani alipunguza mikono? Anko haangalii. Anko anarudi kwa briefcase yake, code imesahaulika tangu zamani, inafunguliwa na kisu.

Ukishatoka na ya kwanza, maorder yatakuja. Ya kwanza kabisa itakuwa ya beste, anataka ya bure "ju mimi ni wako". Mwambie alete jeans yake, anunue uzi na bitana, halafu alipe soo tano za mikono yako, kabla haujashika mkasi. Akinuna, muoneshe ile ya mall.

Enda Gikosh Jumamosi. Beba finje finje, ukitoa thao bei inapanda hapo hapo. Na usivae viatu mpya, kuna matope.