Mizimu ya Mwambao na Watu Waliosahauliwa

Ndugu zetu katika imani, mwambao wa Kipili na uwanda wa Ufipa una hazina kubwa ya visa vya kutisha. Wafipa wa kale walimwona chatu kuwa umbo la mzimu wa mahali. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Watoto wetu huvisikia visa hivi, kisha hutuuliza kama ni vya kweli.

Tunaona jibu la haki lianzie katika historia. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Mingine ilishika njia ya kusini kupitia Ufipa. Kutoka Marungu, ng'ambo ya ziwa, mitumbwi ilivusha pembe pamoja na mateka. Pembe zilipimwa kwa frasila, yapata kilo 16 kila moja, zikabebwa mabegani hadi pwani. Huko Ulaya na Marekani ziligeuzwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itahwa, kusini-magharibi mwa ziwa, akatwaa shehena kubwa ya pembe.

Hofu nayo ilisafiri na mizigo hiyo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alielezwa habari za ngurumo za Kabogo, katika ziwa hili hili, ambako wapiga makasia walitupa shanga majini ili kuutuliza mzimu.

Hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini aliyevamia kijiji usiku na kuwavika watu makongwa shingoni hakuwa jini. Alikuwa mwanadamu, na miongoni mwa hao walikuwamo waliosali kama tusalivyo sisi. Mtume (s.a.w.) ameonya vikali juu ya anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, basi nasaba wala swala haiwi kinga ya dhulma.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, ila masalia yake hayajafutika ndimini. Ingali ni aibu kubwa posa kukataliwa kwa kunong'onezana kwamba bibi wa kijana alivushwa kutoka Marungu. Mnong'ono huo unatisha kuliko mzimu wowote, maana unavunja nyumba za walio hai.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi: mtoto akiogopa giza, msikimbilie kumvalisha hirizi. Msomeeni Ayatul Kursiyyu, kisha mketisheni karibu na wazee, wamweleze ukoo ulitoka wapi, nani alivuka ziwa kwa hiari na nani alivushwa kwa kamba. Wote hao ni wazee wetu, na wote wanastahiki dua zetu.

Wallahu a'alam.