Sura ya Saba: Nakala Inayolala Mji Mwingine

Jioni ya 26 Septemba 2025, betri za lithiamu zilishika moto ndani ya kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mamia ya mifumo ya serikali ilizimika, na huduma za posta na barua pepe za ofisi zikawa miongoni mwa zilizosimama. Katika siku na wiki zilizofuata mingi ilirudishwa. G-Drive haikurudi. Hilo lilikuwa ghala la mtandaoni la watumishi wa umma, lenye terabaiti 858 za nyaraka za kazi. Maofisa walieleza kwamba ghala lilikuwa kubwa kiasi kwamba mfumo wake haukuwezesha kuweka nakala nje ya kituo. Kinachouma zaidi ni kwamba walioumia walikuwa watiifu: kuna wizara iliyowataka watumishi wake waweke kazi zao zote humo, badala ya kuziacha kwenye kompyuta za mezani.

Terabaiti 858 ni mzigo kweli. Kwa laini ya gigabiti moja kwa sekunde, inayofanya kazi usiku na mchana bila kukatika, kuzisafirisha kunachukua karibu siku 80. Hata hivyo hoja ya ukubwa haisimami. Ghala kama hilo halijai kwa siku moja. Hujaa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na nakala ya mbali ingeweza kukua nalo usiku baada ya usiku. Ukubwa huwa kikwazo pale tu wahusika wanapokumbuka nakala baada ya ghala kufurika.

Ofisi nyingi zenye fundi makini hazijafika hali hiyo. Zina seva ya nakala rudufu, na kila usiku seva hiyo huchukua picha ya hifadhidata, ya barua pepe na ya mafaili ya wafanyakazi. Diski ikifa, kazi inarudi kabla ya chai ya saa nne. Karani akifuta jedwali la mishahara kwa bahati mbaya, la jana lipo. Tatizo ni mahali seva hiyo ilipo: chumba kilekile, mara nyingi rafu ileile, chini ya kiyoyozi kimoja na nyuma ya kufuli moja. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, alipowaandikia wapiga picha wenzake kuhusu kutunza kazi zao, aliweka kanuni ambayo leo kila fundi wa TEHAMA anaijua kama tatu-mbili-moja: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja nje ya jengo. Mbili za kwanza watu huzitimiza. Ya tatu husubiri bajeti ya mwaka ujao.

Kwa OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, mwaka ujao haukufika. Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021 jengo lake la ghorofa tano mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea pamoja na sehemu ya jengo la jirani. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini mamilioni ya tovuti yalitoweka hewani. Asubuhi mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwaambia wateja waanze kutekeleza mipango yao ya dharura. Baadhi waligundua wakati huo kwamba mpango hawana. Wengine walikuwa wamelipia huduma ya nakala rudufu, kumbe nakala zimelala katika eneo lilelile lililoungua. Mapema mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni imlipe mteja mmoja wa aina hiyo zaidi ya euro 100,000. Fidia iliamriwa, data haikurudi.

Basi nakala inafikaje mji mwingine?

Kikwazo cha miaka mingi kilikuwa laini. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Canberra, Australia, walitoa programu ya rsync, ambayo hadi leo ni mzee wa kazi hii. Walijiuliza swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: ikiwa faili limebadilika kidogo tu, na mashine mbili ziko mbali moja na nyingine kwenye laini ya polepole, zitajuaje kilichobadilika bila kusafirisha faili zima? Jibu lao ni kwamba mashine inayopokea huligawa faili lake la zamani katika vipande, hukokotoa namba fupi ya utambulisho kwa kila kipande, na kuzituma namba hizo. Mashine yenye faili jipya huvitafuta vipande vyenye namba hizo ndani ya faili lake, kisha hutuma yale tu ambayo mwenzake hana.

Programu za leo za nakala rudufu zimelichukua wazo la vipande na kulipeleka mbele. Proxmox Backup Server, iliyotengenezwa Vienna na kutolewa toleo lake la kwanza thabiti Novemba 2020, inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ni ya bure na ofisi ndogo zinaimudu. Diski ya mashine pepe hukatwa vipande vya megabaiti 4. Kila kipande hukokotolewa alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na alama hiyo ndiyo inakuwa jina lake ghalani. Vipande viwili vyenye maudhui sawa hupata jina moja, kwa hiyo hutunzwa mara moja tu. Mashine kumi zinazotumia mfumo endeshi mmoja hugawana sehemu kubwa ya vipande. Nakala ya usiku wa leo, kwa ndani, ni faharasa: orodha ndefu ya majina yanayosema kipande gani kinafuata kipi.

Saa nane usiku seva ya mbali inaanza kazi. Inaingia kwenye seva ya ofisini, inauliza kuna nakala gani mpya, na inachukua faharasa zake. Halafu inasoma jina baada ya jina. Hiki ninacho. Hiki ninacho. Hiki sina, kilete. Kwenye ofisi ya kawaida sehemu kubwa ya usiku huo ni kusoma majina, na kinachopita kwenye waya ni mabadiliko ya siku moja.

Usiku wa kwanza ndio wenye taabu, maana seva ya mbali ni tupu na kila jibu ni "sina". Tuseme ofisi ya wahasibu ina terabaiti 4 na laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde. Mzigo wa kwanza utachukua siku 18 na nusu, na muda wote huo laini imezibwa. Fundi anayejua kazi yake hapitii njia hiyo. Anaileta seva ya mbali ofisini kwanza, anaiunganisha na ya pale kwa waya wa gigabiti moja, na baada ya saa tisa hivi kila kipande kimehamia. Ndipo anaipakia kwenye gari na kuipeleka inakokwenda kuishi. Kuanzia hapo, ikiwa ofisi inazalisha gigabaiti 20 za mabadiliko kwa siku, laini ileile inazimaliza kwa saa mbili na robo kabla ya alfajiri.

Hapa wengi huona kazi imekwisha. Kisa cha Maersk kinaonyesha kilichobaki.

Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia kwenye mtandao wa kampuni hiyo kubwa ya meli ya Denmark kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine. Maersk ilikuwa na seva kama 150 za kutunza utambulisho wa watumiaji na kuamua nani anaruhusiwa kuingia wapi. Zilitawanywa duniani kote, na kila moja ilinakiliana na nyingine muda wote. Kwa hesabu ya kilomita, kampuni chache zilikuwa zimetawanya nakala zake vizuri kiasi hicho. Lakini zote zilikuwa kwenye mtandao mmoja na zilitii amri zilezile, na zote zikafutwa kwa pamoja. Isipokuwa moja, nchini Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na seva ile ilikuwa imezimika virusi vilipopita.

Data yake ilikuwa mamia ya gigabaiti, na laini ya ofisi ya Ghana ilikuwa nyembamba mno. Kuituma Uingereza, ambako wataalamu walikuwa wakijenga mtandao upya, kungechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akakutana uwanjani na mfanyakazi mwenzake, akamkabidhi diski, na yule akaendelea nayo mpaka London. Kampuni ilipata hasara ya dola milioni 250 hadi 300, na ingekuwa kubwa zaidi bila kukatika kule kwa umeme.

Kwa hiyo umbali unaohitajika ni wa aina mbili. Kuna umbali wa ardhi, unaozuia moto, mafuriko na wezi. Na kuna umbali wa mamlaka: mkono unaoweza kuharibu data ya ofisini usiweze kuifikia nakala. Huu wa pili ndio unaosahaulika, na ndio unaotafutwa na wadukuzi wa kudai fidia, maana siku hizi hukimbilia nakala rudufu kwanza ili mwenye mali asiwe na njia ila kulipa. Code Spaces, kampuni ya kutunza misimbo ya wateja, iliweka nakala nzuri tu ndani ya wingu la Amazon. Juni 2014 mtu mmoja alipata funguo za akaunti yake, na kwa kuwa data na nakala zilisimamiwa na akaunti hiyohiyo, akafuta sehemu kubwa ya vyote viwili. Kampuni ilifungwa.

Ndiyo maana inafaa seva ya mbali ndiyo ivute, kuliko seva ya ofisini kusukuma. Seva ya mbali inapewa akaunti ya kusoma tu kwenye seva ya ofisini; ya ofisini haina neno la siri la ile ya mbali na haiwezi kuigusa. Aliyeteka ofisi nzima anakuta mlango hauna kitasa upande wake. Vilevile seva ya mbali itunze historia yake yenyewe: siku 14 zilizopita, wiki nane, miezi 12, kadiri nafasi inavyoruhusu. Kuna mpangilio unaoiamuru ifute kila kitakachotoweka upande wa pili. Kwa mawazo ya usafi unavutia. Kwenye nakala ya mbali uachwe umezimwa, la sivyo mdukuzi akifuta nakala za ofisini jioni, za mbali zitamfuata usiku.

Mahali penyewe pachaguliwe kwa kuangalia ni balaa gani sehemu mbili zinaweza kushirikiana. Ofisi ya Jangwani, Dar es Salaam, yenye nakala bonde lilelile la Msimbazi haijatoka kwenye mafuriko. Wengi hukimbilia kukodi nafasi Ulaya, na kwa bei mara nyingi wana haki. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya zikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua. Ambaye seva yake ya Dar es Salaam ingekufa siku hiyo, nakala yake ya Frankfurt ingekuwa salama na isiyofikika. Nakala ya Dodoma ingepita kwenye mkongo wa taifa, ambao hauhitaji bahari. Kuna pia sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na zote zinaweka masharti ya kuvusha taarifa za watu nje ya mipaka.

Popote nakala iendapo, isimbwe kabla ya kuondoka, ili mwenye nyumba inakolala asiweze kuisoma. Halafu ufunguo usiachwe ndani ya seva ya ofisini peke yake. Seva hiyo ikiungua, terabaiti zote za nakala ya mbali zinakuwa kelele tupu. Proxmox ina amri ya kuuchapisha ufunguo kwenye karatasi, pamoja na msimbo wa kuskani. Karatasi hiyo ikae kwenye kasiki ya benki.

Linalobaki ni kurudisha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, usiku, akiwa amechoka, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Timu ilipokwenda kuchukua nakala za kila siku kwenye ghala la mbali, ilikuta ghala tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata na ilikuwa ikishindwa kazi. Barua pepe za kutoa taarifa hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Waliokolewa na picha ya diski ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Hata baada ya kuipata, kuinakili kutoka kwenye diski za polepole kulichukua kama saa 18.

Ofisi ya wahasibu, tuseme iko Dar es Salaam na nakala yake iko Dodoma, irudie hesabu yake kwa upande huo. Terabaiti 4 kwa megabiti 20 ni siku 18 na nusu kurudi pia, ikiwa upande wa Dodoma laini si bora zaidi. Treni ya SGR inafika Dar es Salaam kwa saa nne hivi, na diski moja ndani ya begi ni sawa na laini ya zaidi ya gigabiti mbili kwa sekunde. Siku ya majaribio, walau mara mbili kwa mwaka, mtu apande treni hiyo kweli, au mfumo mmoja uwashwe kulekule Dodoma na mhasibu aufungue na kuthibitisha ankara za juzi zipo. Muda upimwe na uandikwe. Na orodha ya kipi kirudi kwanza, mishahara au mauzo au barua pepe, itiwe saini na mkurugenzi mapema, kwa sababu siku ya moto kila idara itakuwa mlangoni kwa fundi ikidai yake ianze.