Maji ya Warm Springs

Katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kipo kijiji kidogo kiitwacho Warm Springs, maana yake chemchemi za maji ya uvuguvugu. Mvua inyeshayo juu ya Mlima Pine hupenya miambani, hushuka chini sana penye joto, kisha maji hupanda tena yakiwa na madini na joto la nyuzi 31 za Selsiasi. Katika karne ya 19 matajiri walikuwa wakienda huko kuoga na kupumzika.

Mwezi wa Oktoba 1924 alifika Bwana Franklin Roosevelt, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza tangu 1921. Alipoingia bwawani aliona kwamba maji yaubeba mwili, hata akaweza kuisogeza miguu ambayo katika nchi kavu haikumtii. Mwaka 1926 alipanunua mahali pale, na 1927 akaanzisha shirika la kuwatibu waliopooza. Yeye mwenyewe hakupona. Walakini alikuwa Rais tangu 1933 hata alipofariki hapo Warm Springs, tarehe 12 Aprili 1945.

Wakulima pia walipata faida. Roosevelt aligundua kwamba bei ya umeme kijijini hapo ilikuwa mara nne ya ile aliyolipa nyumbani kwake New York. Mwaka 1938 alisema kwamba jambo hilo ndilo lililomfanya afikirie kupeleka umeme mashambani, kazi ambayo serikali yake iliianza 1935.

Lakini neema ile ilikuwa na mpaka. Watu weusi waliajiriwa Warm Springs kuwahudumia wagonjwa, bali mtoto mweusi aliyepooza hakupokewa kutibiwa. Tena madaktari wengi walidhani kwamba polio haiwapati sana watu weusi. Watu weusi walidai haki yao, hata mwaka 1941 kikafunguliwa kituo cha kuwatibu huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama.

Tarehe 12 Aprili 1955, miaka kumi kamili baada ya kifo cha Roosevelt, ilitangazwa kwamba chanjo ya Dakta Jonas Salk yazuia polio. Fedha za utafiti zilitokana na senti zilizochangwa na watu wa kawaida. Basi, maji yale yaliwapa wagonjwa nguvu na matumaini, lakini polio yenyewe ilishindwa kwa chanjo. Nayo hutimiza kazi yake pale tu inapomfikia kila mtoto, awe wa rangi yo yote.